Kwa mnaoanza kuandika vitabu vya picha vya watoto kuhusu anga

Haya wale wageni mnaotaka kuandikia watoto wadogo stori za roketi na marafiki, niwaambie kitu nnachokiona sana kwenye miswada: urafiki unakuwa umebandikwa tu. Wawili wanapanda roketi, wanazunguka sayari zote nane, mwisho wanakumbatiana, sisi ni marafiki daima. Sasa hapo anga imefanya kazi gani? Hata ungewapandisha baiskeli stori ni ileile.

Anza na shida ambayo inaletwa na anga yenyewe. Mfano sauti. Mwezini hakuna hewa kwahiyo rafiki akikupa mgongo, hata akiwa hatua mbili tu, ita mpaka ukauke hasikii kitu, redio ikifa mmeshapoteana. Hapo tayari una stori, watumie nini, tochi? wachore mishale kwenye vumbi? (na itabaki, maana upepo wa kuifuta haupo). Mtoto wa miaka minne anayajua vizuri sana machungu ya kuita na usisikike. Au angalia Apollo 11, ile safari ya kwenda mwezini mwaka 1969, kila mtu anawataja Armstrong na Aldrin waliokanyaga mwezi, ila Michael Collins alibaki juu anazunguka peke yake, na kila mzunguko akiwa nyuma ya mwezi redio inakata kama dakika 48, hawapati wenzake wala dunia. Mi huyo anayesubiri ndo ananivutia zaidi, na karibu hakuna anayemwandika.

Kurasa mara nyingi ni 32, toa za jina na mambo ya uchapishaji, unabaki na nafasi ndogo kuliko unavyodhani, na maneno yakizidi 500 ujue umeanza kuongea sana. Usiandike "roketi nyekundu yenye madirisha matatu", hiyo mwachie mchoraji. Wewe pigania pale mtoto anapofunua ukurasa. Yani tuseme marafiki wako wanaitwa Kiko na Bibo, ukurasa wa kulia unaweka "Kiko akageuka. Bibo?" basi, anafunua, kurasa mbili nyeusi tii bila neno hata moja, na kinukta cha tochi kule kwenye kona. Watoto wataking'ang'ania kile kinukta kwa vidole.

Wanyama waongee tu hamna shida, ila sayansi usiichezee hovyo, kuna watoto wa miaka sita wanajua sayari kuliko mzazi anayewasomea na watakukamata. Tena ukweli unakusaidia, mwezini uvutano ni kama moja ya sita ya wa hapa kwahiyo mruko mdogo unaenda mbali, na Mars jua likizama anga upande ule inakuwa na ubluu, mchoraji gani atakataa hiyo?

Ukimaliza mpe mtu ambaye hajawahi kuuona mswada ausome kwa sauti, we kaa kimya, pale anapojikwaa kata. Na kama unapeleka kwa mchapishaji usihangaike kutafuta mchoraji, wengi wanapenda kuchagua wenyewe, peleka maandishi tu.