Sosholojia si ualimu tu

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kama shahada ya sosholojia ina kazi Zanzibar mbali na ualimu. Zipo, ila tangazo la "anatakiwa mwanasosholojia" utalisubiri sana. Tafuta afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii, ufuatiliaji na tathmini, utafiti.

Mimi ningeanzia udodosaji, yaani kupita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya utafiti. Ni kazi ya muda, malipo ya kawaida, jua kali, lakini ndiko fani yako inakoonekana. Mume ana wake wawili, mmoja Wete, mwengine Konde. Utamwandika kaya gani? Kila mke atakwambia yumo kwangu. Sensa ya 2022 ilijibu kwa kuuliza nani kalala hapo usiku wa kuamkia Agosti 23. Tafiti nyingine zina kanuni zao, na asiyezijua humhesabu mtu mara mbili. Mwenye shahada ya takwimu peke yake anaweza kukwama hapo, wewe umesomea mambo ya jamii. Jifunze pia KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso kwa simu, ina mpango wa bure, na kidogo Stata au SPSS, programu za kuchambua takwimu.

Kuhusu mtu wa kukushika mkono: usimwandikie mkubwa "naomba kazi", hajibu (nami sijibu, niseme kweli). Mpelekee kurasa mbili za utafiti wako wa chuo umuulize dodoso lina kasoro gani. Anza na aliyekusimamia chuoni, kisha msimamizi wa timu yoyote utakayopita nayo. Hao ndio huulizwa "unamjua kijana mzuri?" kabla tangazo halijatoka.