Mkwe Wako Hakutawali, Anakuogopea

"Shangazi, nina ujauzito wa wiki 33. Usiku nawashwa viganja na nyayo mpaka najikuna kwa chanuo, lakini ngozi haina hata kipele. Mume wangu kahamia kwenye kochi. Mama yake ananiandama niende hospitali, mara aulize rangi ya mkojo wangu. Nimechoka kutawaliwa. Nahisi nimerogwa." – Mama Kijacho, Morogoro

Pole, mwanangu. Kuwashwa usiku kucha ni mateso.

Lakini barua yako ina kurasa tatu, na mbili na nusu ni za kumsema mkwe wako. Huyo mtawala nimemtafuta, sikumwona. Nimemwona mama anayefua shuka zenye matone ya damu ya kujikuna, moyo ukamwenda mbio. Nawe ukateleza ukasema mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na kwamba dada yako naye aliwashwa hivyo alipobeba mapacha. Sasa uchawi umeingia wapi?

Vipele vinavyoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiacha kitovu vinakera tu, mtoto hadhuriki. Malengelenge kuzunguka kitovu, muone daktari. Ila viganja na nyayo, usiku, ngozi safi, mkojo mweusi? Mimi nalishuku ini. Nyongo haiteremki vizuri, inabaki kwenye damu. Wewe unawashwa, na ikipanda sana mtoto anaweza kufia tumboni. Maradhi haya hutembea kwenye ukoo. Liwa na poda havifiki kwenye ini.

Kesho asubuhi nenda ukapimwe damu: ini na asidi za nyongo. Kipimo cha pili kisipokuwepo, waulize wanakipeleka wapi. Wakithibitisha, watakufuatilia kwa karibu, pengine wakuanzishie uchungu mapema. Ukishajifungua, kuwashwa huisha. Mimba ijayo maradhi haya huweza kurudi, useme mapema. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje kuche.

Wake wa siku hizi mmefundishwa na simu kwamba mkwe ni adui kabla hajafungua mdomo. Akinyamaza hajali, akiuliza anatawala. Mficha uchi hazai, mwanangu! Na mumeo anaendesha bodaboda. Ulitaka ashike usukani bila usingizi?

Mwombe mama huyo akusindikize. Umeniandikia mwenyewe kwamba ulikuta ameweka nauli ndani ya kadi yako ya kliniki, ukaiita dharau. Ichukue hiyo nauli, mpande gari pamoja.