Mbona bangili zangu hupasuka?

SWALI: Mimi hutengeneza bangili kwa kuyeyusha mifereji mikuukuu (koki za maji) na kufuli mbovu ninazonunua sokoni Kibuye. Nikishafua shaba iwe ukanda, hupasuka ukingoni ninapoipinda. Pia ningependa kazi yangu ifuate mapambo ya zamani ya huku magharibi, ila sijui nianzie wapi. – Fundi wa kike, Kondele, Kisumu

JIBU: Dada, shaba hukakamaa kadiri unavyoipiga. Utaitambua hali hiyo kwa sikio kabla ya jicho, kwa kuwa mlio hupanda na nyundo huanza kuruka badala ya kuzama. Hapo acha kupiga, uipashe moto hadi ionyeshe wekundu hafifu, kisha usubiri wekundu huo utoweke ndipo uitie majini, italainika upya. Fanya hivyo kivulini, kwa sababu juani wekundu huo hauonekani, na anayeungoja huishia kuiunguza shaba yake. Bangili moja yaweza kurudi motoni mara tatu au nne, na kurudia huko ndiyo kazi yenyewe.

Hata hivyo, nashuku zaidi mifereji hiyo. Shaba yake ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na mara nyingi viwandani huongezwa metali ya risasi kidogo, yapata asilimia 2 au 3, ili ichongeke kwa urahisi kwenye mashine. Risasi haiungani na shaba. Hubaki ndani yake kama vitone vidogo, na ufa hupata pa kuanzia. Zinki nayo huchemka kwenye nyuzi 907 za Selisiasi, karibu kabisa na joto linaloyeyusha mchanganyiko huo, kwa hivyo moshi mweupe unaouona juu ya chungu ni zinki inayotoroka, na ukiuvuta waweza kushikwa na homa na kutetemeka usiku huohuo. Risasi ni sumu, tena bangili hukaa kwenye ngozi ya mtu kutwa. Nakusihi uiache mifereji. Nunua mabaki ya nyaya nene za shaba nyekundu kwa mafundi wanaotandaza umeme majumbani, na uzimenye kwa kisu badala ya kuzichoma.

Kuhusu mapambo ya zamani, usianze na nakshi. Anza na matumizi. Wasamia wa Busia walisifika kwa ufuaji wa chuma, na vijana wa Kibukusu wanaoelekea jandoni, Agosti ya kila mwaka wa shufwa, hadi leo hugonga chinyimba, yaani njuga za chuma, kwenye bangili za chuma walizovaa mikononi. Bangili ya kugongwa hivyo haina budi kuwa nene na kutoa sauti, na umbo lake limetokana na kazi hiyo. Nenda kwenye Jumba la Makumbusho la Kisumu ukatazame ncha za kila pambo la chuma utakalolikuta: zimesuguliwa, zimekunjwa au zimeachwa wazi? Kisha fua moja nene, isiyo na ua wala mstari, uining'inize kwa uzi na kuigonga, usikie inavyolia.