Unataka kutafiti makovu ya mapafu? Anza na mgonjwa, molekuli itafuata

Vijana wanaosoma baiolojia na udaktari wananitumia sana meseji, wengi wako nyumbani Tanzania na Kenya, na swali lao ni moja tu: nisome molekuli gani ili niingie kwenye utafiti wa mapafu yanayoota makovu? Mimi hii ndo kazi yangu ya kila siku, kwenye maabara huku Marekani, na jibu langu huwa linawashangaza. Molekuli iache kwanza, nenda kamsikilize mgonjwa.

Namaanisha kabisa. Muombe daktari wa mapafu akae na wewe kliniki. Weka stetoskopu mgongoni kwa chini, mzee avute pumzi taratibu, utasikia mlio kama velcro ya kiatu inavyobanduliwa. Angalia vidole, kwa wengi ncha zimevimba. Muulize kikohozi kikavu kilianza lini, ngazi anapandaje, amefanya kazi gani maisha yake yote, amewahi kuugua TB, kwao kuna ndugu aliyefariki kwa kifua. Ukitoka hapo fungua siti skani yake, uone vitundu vilivyopangana chini kwenye kingo za mapafu. Halafu slaidi ya kipande cha pafu chini ya darubini. Ile rangi ya trichrome inapaka kolajeni, protini inayojenga kovu, bluu, na unakuta bluu imejaa pale panapotakiwa kuwa na vifuko vya hewa, lakini ukisogeza slaidi kidogo tu pembeni unakutana na pafu lenye afya kabisa. Hapa pameharibika, hapa pazima, mtu yuleyule, hewa ileile. Kwangu hilo ndo swali kubwa kuliko yote kwenye huu ugonjwa na hautaliona ukianza na jina la protini.

Kwa nini nasisitiza hivi? Miaka mingi watu waliamini ugonjwa wa makovu usiojulikana chanzo, ule madaktari wanaouita IPF, unaanzia kwenye uvimbe, mwili unajishambulia basi tuutulize, wagonjwa wakapewa prednisone na azathioprine, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Kwenye karatasi ilikuwa imekaa sawa. Marekani wakaja kuzipima kwa haki, hizo mbili pamoja na N-acetylcysteine dhidi ya dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani), kwenye jaribio la PANTHER, na mwaka 2011 ikabidi kundi la dawa hizo lisimamishwe maana walikufa 8 huku kwenye dawa bandia amekufa 1. Nayo ndo ilikuwa tiba iliyozoeleka! Soma ile ripoti ya 2012 kabla hujasoma chochote kuhusu TGF-beta, molekuli inayosukuma makovu.

Siku hizi macho yamehamia kwenye seli za aina ya pili zilizo kwenye kuta za vifuko vya hewa, zile zinazotakiwa kukarabati kifuko kikiumia. Mwaka 2007 zilipatikana familia zenye hitilafu kwenye jeni za TERT na TERC zinazotunza telomea, zile ncha zinazolinda kromosomu, kwa hiyo seli zao zinachoka mapema, haziwezi kukarabati. Mwaka 2011 ikaja MUC5B, jeni ya ute, badiliko dogo kwenye sehemu inayowasha hiyo jeni, ute unazalishwa kupita kiasi kwenye njia ndogo za hewa na hatari ya kuugua inapanda mara kadhaa. Ila wengi wenye badiliko hilo hawaugui kabisa, hilo nalo ulikumbuke. Vyote hivi vilitoka kwenye damu za wagonjwa na ndugu zao.

Panya tunawatumia, mimi mwenyewe nawatumia, tunawawekea bleomycin mapafuni, dawa ya kansa ambayo inaachia baadhi ya watu makovu. Shida ni kwamba panya kijana baada ya wiki kadhaa anaanza kupona mwenyewe, wakati binadamu mwenye IPF, mara nyingi ameshapita miaka 60, haponi. Kwa hiyo ukiona mtu ametoa dawa yake siku ileile ya bleomycin akatangaza imezuia makovu, uliza: je angesubiri makovu yawepo kwanza? Tumia panya wazee, toa dawa ukiwa umechelewa, na rudia kwenye vipande vya mapafu ya watu.

TGF-beta ni kweli ipo katikati ya kila kitu, inageuza faibroblasti, seli zinazojenga tishu, kuwa seli zinazomwaga kolajeni na kukaza tishu, na tangu 1999 tunajua integrini ya αvβ6, protini iliyo juu ya seli, ndo inaifungua. Panya wakatibika vizuri kwa kuiziba hiyo integrini. Kwa wagonjwa, jaribio la kingamwili ya kuiziba lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu za usalama. Dawa za IPF, pirfenidone na nintedanib, zilizoidhinishwa Marekani Oktoba 2014, zinapunguza kasi ya ugonjwa tu, haziondoi kovu.

(Kama unasoma hii kwa sababu mzazi anakohoa na kuishiwa pumzi, makohozi hayaonyeshi TB na dawa za TB ameshameza bila nafuu, ombeni siti skani ya kifua yenye picha za kina. Msikubali kurudia dozi ileile bila kipimo.)

Sasa nyie mlioko nyumbani. Lile badiliko la MUC5B ni la kawaida kwa wenye asili ya Ulaya ila kwa Waafrika ni nadra sana, kwa hiyo majibu ya watafiti wa Denver, Marekani, walioligundua hayatoshi kwetu. Sisi tuna watu waliopona TB wakabaki na mapafu ya makovu, tuna wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani wanaovuta vumbi la silika, tuna mama zetu na moshi wa kuni. Ukipata nafasi ya kukusanya sampuli andika kwenye kila fomu umri, kazi zote alizowahi kufanya, TB mara ngapi na lini, anapikia nini, na omba idhini ya kutunza damu kwa ajili ya DNA siku hiyohiyo mgonjwa akiwa mbele yako, maana kumtafuta baadaye ni kazi ngumu na wengine hautawakuta.