Jibu: Alishikwa Malindi kwa ulevi, sasa anaomba kibali cha usalama Marekani

Ndugu yangu uliyeuliza kama uiandike kesi ya Malindi kwenye fomu ya kuomba kibali, jibu fupi ni kwamba andika. Nimekuelewa hivi: wewe ni raia wa Marekani, ulikuja nyumbani likizo, ukashikwa usiku nje ya klabu, asubuhi ukapandishwa kizimbani kwa ulevi na fujo, ukakiri, ukalipa faini, ukaondoka. Sasa umepata kazi inayotaka kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, na wenzako wanakwambia ya Kenya yamebaki Kenya.

Hayajabaki. Fomu ya SF-86, ndiyo ya kuombea kibali hicho, sehemu ya 22, inauliza kama umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote la pombe au dawa za kulevya. Swali hilo halina kikomo cha miaka saba kama mengine, wala halichagui nchi. Hata rekodi iliyofutwa na mahakama huandikwa. Faini yenyewe ni ndogo kweli, maana sheria yetu ya vileo ya 2010 haivuki shilingi 500, lakini udogo wake haukuokoi. Wanaosamehewa kuandika faini ndogo ni wa makosa ya barabarani, tena yasiyo na pombe ndani yake.

Nilipitia njia hii nikiwa jeshini huko, kabla sijarudi Lamu. Yangu ilipita bila matata. Lililonifunza ni la mwenzangu wa kikosi, kwa kuwa mimi ndiye niliyehojiwa juu yake. Mpelelezi alizitandaza karatasi zake mezani akauliza taratibu: hunywa wapi, na nani, asubuhi akija kazini huwaje? Kisha akaniuliza nisilolitarajia: kwao wanajua kuwa anakunywa?

Hapo ndipo sisi watu wa Pwani tunapokwama. Mtoto wa watu, babake ni imamu, mtaa mzima unamjua, ataandikaje kuwa alilala seli kwa ulevi? Atajaza "hapana" kwa aibu tu, hata hana nia mbaya. Na aibu hiyo ndiyo wanayoitafuta: siri unayoogopa mama aijue, mwenye nia mbaya anaweza kukubana nayo akutoe ya kazini.

Pombe ina mwongozo wake, herufi G, katika kanuni za kuamua nani apewe kibali, zilizoanza kutumika Juni 2017. Humo kosa moja la zamani lisilojirudia haliko katika mambo ya kukunyima usingizi. Wanachokiogopa ni mazoea: kushikwa tena na tena ukiendesha gari umelewa, kufika kazini ukiyumba, kushauriwa na daktari uache ukaendelea. Mwenzangu yule alikuwa na kesi mbili za gari. Aliziandika zote, akaambatisha vyeti vya matibabu. Alitumiwa barua ya kumtaka ajieleze, akasubiri hadi akakata tamaa, mwishowe akapewa. Kijana mwingine alikuwa na moja tu ya ujanani, akaificha. Yeye alinyimwa, tena chini ya mwongozo E, wa mwenendo, kwa uongo wala si kwa pombe. Na ujue kudanganya kwenye fomu ile ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka mitano.

Kwa hiyo ongea na mtu nyumbani kabla hujajaza. Si lazima uanze na mama, Mungu akustiri. Anza na mjomba au kaka mkubwa, ili ukiulizwa nani anajua uwe na jina la kutaja.

Halafu usijaze kwa kukumbukakumbuka, tafuta nakala ya kesi. Nilimsaidia mpwa wangu kuitafuta yake masjala, na kilichotuchelewesha ni jina. Pasi ilisema Muhammad, polisi waliandika Mohamed, tena babu wakamwacha nje. Karani alipekua daftari hadi tukaipata kwa tarehe. Omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri. Kesi huandikwa kwa Kiingereza, hutahitaji mfasiri. Kama risiti ya faini bado unayo, itume kwa huyo atakayekwenda mahakamani kwa niaba yako. Ukiwa umeitupa, mpe tarehe uliyopandishwa kizimbani na kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa.