Maswali ya Wasomaji: Mkwaruzo, Panya na Sponji

SWALI: Napima dondoo la mmea kwa jaribio la mkwaruzo (tabaka la seli hukwaruzwa, kisha hupimwa jinsi zinavyoziba pengo), nikitumia faibroblasti, seli zinazojenga tishu unganishi, kwenye seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli) ya asilimia 10. Leo pengo linaziba haraka, kesho dondoo halitofautiani na kundi linganishi. Tatizo liko wapi?

JIBU: Anza na seramu. Kwa asilimia 10 seli zinagawanyika mfululizo, hivyo pengo linajaa kwa sababu zimeongezeka, wala si kwa sababu zimesogea. Ishushe hadi asilimia 1 au chini ya hapo. Zikishindwa kuvumilia, zuia mgawanyiko kwa dawa ya mitomaisini C, mikrogramu 10 kwa kila mililita, kwa saa 2, kisha uisuuze vizuri kabla ya kukwaruza. Hiyo ni sumu: vaa glavu, na taka zake zisichanganywe na nyingine. Kundi linganishi nalo lipate kiyeyushi kilekile kilichoyeyusha dondoo, kwa kiasi kilekile.

Halafu mkono. Shika ncha ya pipeti ya mikrolita 200 wima, pitisha mara moja kwa kufuata rula, na kila kisima (kishimo cha sahani ya seli) kipate ncha mpya. Ukiilaza, upana unabadilika. Suuza mara mbili kwa bafa (maji ya chumvi yaliyosawazishwa) yenye joto la mwili, ukiimimina taratibu ukutani mwa kisima. Bafa isiyo na kalisi hulegeza seli za ukingoni zikabanduka kama ganda. Na usipuuze kusuuza, maana seli zilizong'oka zikibaki hurudi kutua ndani ya pengo, nawe ukazihesabu kuwa zimehama. Chora mstari kwa kalamu chini ya sahani ili picha za saa 0, 6, 12 na 24 zipigwe palepale.

Asilimia nazo hudanganya, na hapa ndipo wengi hunaswa. Pengo la mikromita 400 likipungua 200, limeziba nusu. La mikromita 800 likipungua 200 zilezile, limeziba robo tu. Kasi ya seli ni moja! Ripoti mikromita kwa saa kwa kila ukingo.

SWALI: Tunatoboa vidonda vya milimita 6 mgongoni mwa panya. Vinafunga vyote, vyenye bandeji yetu na visivyo nayo, karibu siku ileile.

JIBU: Ngozi ya panya imelegea na chini yake kuna msuli mwembamba, kwa hiyo kingo huvutana kama mdomo wa mfuko unaokazwa kamba. Mnachopima ni mvuto huo, ilhali kidonda cha binadamu hutegemea zaidi tishu mpya na ngozi ya juu inayotambaa juu yake. Zungushieni kidonda pete ya silikoni yenye unene wa nusu milimita, tundu lake likiwa pana kidogo kuliko kidonda. Ibandikeni kwa gundi kisha mshone. Ikaguliwe kila siku. Amueni kabla ya kuanza kwamba kidonda ambacho pete yake imeng'oka kinaondolewa kwenye hesabu. Na mnapokata vipande vya hadubini, pitieni katikati kabisa ya duara, kwani kipande cha pembeni huonyesha kidonda kilichokaribia kupona hata kama katikati kungali wazi.

SWALI: Seli zetu zinabaki juu ya sponji ya kolajeni (protini inayojenga ngozi), haziingii ndani. Sponji ina unene wa milimita 3.

JIBU: Weka tone la rangi juu yake. Likikaa bila kuzama, sponji imeota utando wakati wa kugandishwa. Kata utando huo kwa wembe. Vitundu vikiwa vidogo mno, punguza kasi ya kugandisha: barafu inayojijenga polepole huwa na chembe kubwa, na chembe hizo ndizo zinazoacha vitundu barafu ikiondolewa kwa kukaushwa. Ngozi bandia ya watafiti Yannas na Burke ya mwaka 1981 ilitengenezwa kwa msingi huohuo.

Kupanda: kausha sponji kidogo, weka seli nyingi katika mikrolita 30 hivi, subiri saa moja au mbili kwenye inkubeta yenye unyevu, ndipo uongeze midiamu (majimaji ya kulishia seli). Lakini milimita 3 ni nene. Oksijeni haifiki vizuri zaidi ya mikromita 200 hivi, kwa hiyo hata zikiingia, za katikati zitakufa. Kata iwe milimita moja au chini ya hapo, au pitishia midiamu inayotiririka. Na msiitakase kwa otoklevu (chombo cha mvuke wa moto wenye shinikizo): kolajeni itageuka jelatini.