Unataka kuunda gitaa? Gogo la mpingo weka uvunguni kwanza

Haipiti wiki kijana hajanitumia meseji, "fundi nimepata gogo la mpingo, unanichongea gitaa?" Na mimi jibu langu lilelile, gogo weka uvunguni, kwanza tutafute paini. Wanachukia kweli. Nawaelewa, sisi watu wa Kusini tumekua tunaambiwa mpingo ndo mti, wazungu wanaufuata mpaka Kilwa kwa ajili ya zumari zao, klarineti na obo, wachongaji wa Kimakonde wamepata jina kwa mti huohuo, sasa iweje gitaa la Mtwara liwe la paini?

Shida ni uzito. Tumbukiza kipande cha mpingo kwenye ndoo ya maji uone kinavyozama kama jiwe. Ubao wa mbele wa gitaa ndo ngozi ya ngoma, nyuzi zinautikisa kupitia briji, kile kipande kinachozishika juu ya ubao, na nguvu ya nyuzi ni ndogo tu, ukiweka ubao mzito hautikisiki, unapata gitaa la kupigia picha halafu sauti kama unagonga kabati. Ulaya wanatumia sprusi, mti mwepesi lakini mkakamavu. Huku natumia paini ya shamba la miti la Sao Hill maana inatufikia. Kwenye lundo angalia kichwa cha ubao, pete za mti zisimame wima kama meno ya kitana, zisilale kama upinde, tena ziwe zimebanana. Paini ya kupandwa inakua haraka na pete zake ni pana, kwa hiyo utapekua mbao arobaini upate mbili, mwenye duka atanuna, mnunulie soda. Kuranda naishia kama milimita 3 katikati na 2.5 kuelekea pembeni, nikigonga kwa kidole nataka iitike, isilie "tuk" ikanyamaza.

Mgongo na mbavu hapo ndo ujidai sasa. Mninga ndo kipenzi changu, ukishakauka umetulia, haujikunji kunji. Mtiki nao safi. Mvule unafaa lakini una mchezo wake, ndani yake saa ingine kuna vijiwe kabisa, niliwahi kuranda nikasikia "kwaa!" na ubapa wa randa ukapata pengo la kulia machozi, na vumbi lake linakaba kifua, vaa barakoa. Mbao bora kuliko zote nilizopata hazikutoka dukani, ni mbavu za kitanda cha mninga cha bibi mmoja pale Mikindani, kimelaliwa miaka na miaka, kimekauka mpaka ukikigonga kinalia chenyewe. Ukinunua mpya ulizia karatasi, mbao bila TP, kile kibali cha kuisafirisha, ukikutwa nayo barabarani usiseme fundi hakukwambia.

Na mpingo? Upo, usiogope. Ubao wa freti, yaani ule wa shingoni wenye vyuma vidogo unapobonyeza nyuzi, briji na kile kijiti cha kichwani kinachopitisha nyuzi, basi. Hizo ndo sehemu zinazosuguliwa na kuvutwa kila siku. Tena huhitaji gogo, mimi naenda kwa mzee mmoja mchongaji, nampa shikamoo, nakaa naye nusu saa, ananiambia "mjukuu wangu chagua hapo" kwenye lundo la mabaki. Kipande cha briji unapata siku hiyohiyo, cha nusu mita kilichonyooka kwa ajili ya freti ndo unaweza kuzunguka miezi, mpingo wenyewe unaota umepinda pinda. Ukikipata paka rangi yoyote ya zamani kwenye vichwa vyake viwili, bila hivyo unapasukia hapo.

Sasa ukavu, hapa ndo nilipolipa ada. Gitaa langu la tatu nililigundisha Februari, mvua ya Mtwara unaijua, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Mteja akahamia Dodoma nalo. Mwezi wa nane ananitumia picha WhatsApp, ufa umetoka kwenye briji mpaka mkiani, kadi ya benki inaingia. Ule ubao ulikuwa umenywa unyevu siku nabandika bresi, vile vijiti vya ndani vya kuuimarisha, ulipofika kwenye hewa kavu ukataka kusinyaa na bresi zimeushikilia, ukachanika. Nikalitengeneza bure na nauli ya basi juu yangu. Tangu siku hiyo mbao nalaza darini zaidi ya mwaka, napima kwenye mizani ya duka la jirani kila wiki mbili naandika kwa penseli palepale kwenye ubao, uzito ukiacha kushuka ndo naanza kuiamini. Na bresi sibandiki masika, nabandika kipupwe, Juni mpaka Agosti, masika nachonga shingo.

Vifaa usije ukakopa vikoba kwa ajili ya mashine. Randa moja nzuri, patasi mbili, msumeno wa meno madogo, tupa, na jiwe la kunolea ambalo utalitumia kuliko vyote hivyo, mpingo unaua makali. Jiliwa ni ghali, mimi nafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niliyoikata vipande virefu, na vibanio vya nguo kwa vitu vidogo vya ndani. Kukunja mbavu ni bomba la chuma na moto wa mkaa, ubao ulowe kidogo uwe na unene wa milimita 2 hivi, usilazimishe, utausikia unalegea wenyewe. Ila kwenye freti usikadirie kwa macho. Urefu wa nyuzi gawa kwa 17.817, mfano milimita 648 unapata 36.37, hapo freti ya kwanza, kilichobaki gawa tena hivyohivyo, ya kumi na mbili ikiangukia 324 kamili uko sawa.

Kupaka sasa. Ile vanishi ya sofa, makoti sita mpaka linang'aa kama gari, inaziba sauti. Mbele napaka shelaki, utomvu wa wadudu, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kwa kitambaa, nyembamba nyembamba, siku kadhaa. Haipendi jasho, ndo maana shingo naipaka mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, na vitambaa vyake uvitandaze nje vikauke, ukivikunja ukavitupa kwenye kona vinaweza kushika moto vyenyewe. Mpingo una mafuta yake, ufute kwa spiriti kabla ya gundi, na vanishi ya mafuta juu yake inaweza kubaki inanata wiki nzima. Halafu kuna mjanja aliniambia mafuta ya maganda ya korosho yanatoa vanishi ya bure. Ni kweli viwandani wanayatumia kwenye vanishi, lakini mimi nilipaka mabichi kwa mkono mtupu, vidole vikatoka malengelenge, siku kumi hata ugali nalishwa kama mtoto.

Gitaa lililopo kwenye kamba sasa hivi lina shelaki ya juzi, bado linanuka spiriti, mwenyewe kashapiga simu mara tatu. Nimemwambia aje Ijumaa ya wiki ijayo, na asije na nyuzi zake za chuma, shingo hii nimeichonga kwa ajili ya nyuzi za nailoni.